Mbao za Ua wa Makarius

Mikumi
10 Februari 1974

Kaka Melkizedek,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ukiwa umesimama karibu na randa yako hutaifungua mpaka jioni. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Makarius bado anaendesha greda kwenye barabara kuu. Lami imekwisha, sasa wanachonga kingo tu. Nisalimie sana wifi yangu Generoza. Mwambie ule mchele wa Msowero aliotutumia Krismasi tuliula mpaka tukajilamba vidole. Mama huko Lumuma nasikia kifua kimetulia, Mungu ashukuriwe.

Habari kubwa ni kwamba tumepata majirani. Unajua tangu niolewe tumekaa peke yetu huku porini, miaka mitatu, mimi na fisi. Mwezi uliopita malori yalikuja siku nne mfululizo, yakashusha watu na kuku wao na milango waliyoing'oa walikotoka. Kijiji kimepimwa kwa kamba, na nyumba yetu imeangukia katikati ya mstari. Jiko la mama mmoja wa bondeni, Bi Sikuzani, liko hatua ishirini kutoka mlango wangu. Siku ya pili tu alikuja akapiga hodi na boga kichwani. Sikuwa nimepigiwa hodi miezi mingi. Nilitokwa na machozi kwa ajili ya boga, kaka, mpaka nikaona aibu.

Makarius hakupenda. Anataka ua wa mbao, mrefu kupita mtu, pasiwe na upenyo hata wa jicho. Anasema wewe ndiye fundi wa ukoo, utuelekeze nguzo gani, mbao gani, na zisimamishwe vipi kwenye joto hili la Mikumi. Kusoma hajui, kama unavyofahamu. Nitamsomea mimi.

Lakini kama mbao zimeadimika huko Kilosa, si aibu kusema zimeadimika.

Nimeumia bega kidogo, nilianguka na ndoo. Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Perpetua


Kilosa
24 Februari 1974

Mdogo wangu Perpetua,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Generoza anayelalamika kuwa vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chumvi. Nimemwambia aliolewa na seremala, si na karani. Mama alituma mtu juzi na maharage ya Lumuma, kifua kweli kimepona. Ng'ombe wake mwekundu amezaa.

Mbao ziadimike wapi? Umesahau wewe ni ndugu wa nani? Mwambie shemeji amepiga hodi penyewe. Nimepata shehena ya mbao kutoka milima ya Ukaguru, nitazipakia kwenye behewa la garimoshi la Kidodi, mtazipokea stesheni hapo Mikumi. Gadi wa garimoshi hilo, Cleopa, ni rafiki yangu. Barua zako pia umpe yeye, atanikabidhi mkononi.

Sasa msomee shemeji vizuri, neno kwa neno.

Nguzo ziwe za mkambala. Ncha inayoingia ardhini aiunguze motoni mpaka iwe nyeusi, kisha aipake oili chafu ya greda lake, maana mchwa wa Mikumi hawana dini. Shimo liende mkono mzima chini. Mbao zisiguse ardhi, aache vidole vinne.

Na hili ndilo kubwa. Mbao hizi ni mbichi. Mngekuwa na subira ningesema mzianike kivulini miezi mitatu, lakini najua shemeji hana subira. Basi asizipange ubavu kwa ubavu! Azipandanishe, kila moja ilale juu ya mwenzake inchi moja na nusu. Kiangazi kikifika mbao itasinyaa, na ile inchi ndiyo itakayomsitiri. Akizibana ubavu kwa ubavu sasa kwenye mvua, zitaonekana nzuri kama meno ya bibi harusi, halafu Agosti utaona barabara nzima kutoka kitandani kwako.

Bega lako lichue kwa mafuta ya nyonyo. Na wewe tangu utoto unaanguka na ndoo, sijui miguu yako inatazama wapi.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi
31 Machi 1974

Kaka,

Shikamoo. Mbao zilifika salama, Cleopa alisimamia mwenyewe kushushwa. Mvua huku ni kubwa, mto umekula shamba la mahindi la watu wa Ruaha. Mpongeze Mama kwa ndama.

Ua umesimama. Makarius alichukua likizo ya wiki mbili, akaajiri vibarua wawili. Nguzo zimeunguzwa, oili imepakwa, vidole vinne vimeachwa chini. Mbao zimebanwa ubavu kwa ubavu, zimeshikana barabara hata wembe haupiti. Watu wote wamekuja kuutazama. Bi Sikuzani alisimama nje akasema, "Mwanangu, sasa nitakuonea wapi?" Nikamjibu kutoka ndani kwamba nipo.

Siku ya tatu yule mbwa wangu, Simba, alichimba chini ya ua apite kwenda kwa Bi Sikuzani, amezoea kupewa ukoko. Makarius alimvuta kwa mguu, akampiga na kipande cha mbao kilichobaki. Alimpiga mpaka mbwa akaacha kulia, halafu akaendelea. Kisha akaniita nifue shati lake. Nilimzika mwenyewe nyuma ya choo.

Nimepungukiwa jino moja la mbele, liling'oka. Nikicheka naziba mdomo kama bibi kizee. Lakini mimi ni mzima.

Perpetua


Kilosa
20 Aprili 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumesali Pasaka vizuri, watu walijaa mpaka nje. Generoza anahisi ana habari ambayo amenikataza kuiandika mapema, kwa hiyo sijaiandika.

Nimesoma barua yako nikatupa patasi chini. Ubavu kwa ubavu? Nilisema nini? Nilimwandikia shemeji au niliuandikia upepo? Wewe mtoto umekulia kwenye vumbi la mbao la Baba, ulikuwa ukiokota maranda kabla hujajua kutembea sawasawa, na bado umesimama hapo unamwangalia mtu anabana mbao mbichi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watu watauliza ni fundi gani aliyeelekeza ua ule, na jina litakalotajwa ni langu.

Habari ya mbwa imenisikitisha. Lakini shemeji ni mtu wa mitambo, na watu wa mitambo hasira zao ziko karibu. Mwanamke mwenye akili huujua upepo wa nyumba yake.

Jino hilo liling'oka lenyewe? Nauliza tu. Wanawake wa ukoo wetu meno yao huwa imara. Lakini kama ni mambo yenu ya ndani, basi, siri ya mtungi aijuaye kata.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi
26 Mei 1974

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo sitakueleza habari za mvua. Makarius yuko kazini mpaka jioni, na Cleopa anapita saa nane, kwa hiyo naandika haraka.

Ananipiga. Alianza mwezi wa pili wa ndoa. Tulipokuwa peke yetu porini alinipiga nje na ndani, hapakuwa na haja ya kuficha. Malori yalipoleta watu, alisita. Siku ya kwanza aliyoinua mkono, Bi Sikuzani alikohoa tu jikoni kwake, na mkono ukashuka. Kikohozi, kaka! Kwa wiki tatu nililala kama binadamu. Ndipo akasema anataka ua.

Bega nilivunjwa na mpini wa jembe, shambani, mbali na masikio ya watu. Jino ni ngumi. Sasa kuna ua, na anapiga bila haraka, kama mtu anayetwanga. Ananifunga kitambaa mdomoni kwanza. Majirani wanasikia kishindo. Bi Sikuzani alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe. Mzee si mtu mbaya. Alisema, "Siwezi kuingia ua wa mtu kwa kusikia kishindo. Nileteeni aliyeona."

Ulinigombeza kwamba nilimwangalia tu akibana mbao mbichi. Ni kweli. Nilipofika kwenye kupandanisha nilipaacha. Nikamsomea maneno yangu: kwamba kaka anasema zibanwe ubavu kwa ubavu zingali mbichi, zizoeane. Naam, nimekulia kwenye maranda ya Baba. Najua mbao mbichi inafanya nini. Agosti zitaachana, na jicho la mtu litapita. Nangoja kiangazi kama wengine wanavyongoja mavuno. Ninachoomba ni kufika Agosti nikiwa hai.

Kuna jambo jingine. Serikali imewaamuru wote wasiojua kusoma waende darasani, na Makarius anakwenda kila Jumatatu na Alhamisi. Alidhani atachekwa, kumbe ana kichwa chepesi. Juzi alisoma maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Barua zako anaziweka yeye sandukuni. Siku si nyingi sitaweza tena kukuandikia kweli.

Njoo unichukue. Usilete maneno ya suluhu. Njoo tu na mtu mmoja mwenye nguvu, mchana, nikiwa na nguo nilizovaa.

Perpetua


Kilosa
14 Julai 1974

Mdogo wangu Perpetua,

Mbona kimya? Tangu ile barua ya Machi sijapata hata mstari. Kama umenuna kwa sababu nilikugombeza juu ya mbao, nimekwisha kukusamehe, na wewe nisamehe.

Huku ni baridi ya kupendeza. Generoza sasa ameniruhusu: ana mimba, na wazee wanasema ni Januari. Baada ya miaka sita! Nimeanza kuchonga kitanda cha mtoto kwa mninga, na kila jioni nakipiga msasa hata pasipohitajika.

Habari mbaya ni ya Cleopa. Mwisho wa Mei aliteleza akishuka kwenye behewa likiwa bado linatembea, mguu ukavunjika vibaya sana. Walimpeleka hospitali ya mbali, Dar es Salaam, na mpaka leo hajarudi. Gadi mpya simfahamu, kwa hiyo hii naitia posta.

Nimesikia kwa vibarua wa reli kwamba shemeji anasoma kwa bidii na mwalimu anamsifu. Hongera zake. Mtu mzima kukaa dawati si mchezo.

Kaka yako,
Melkizedek


Mikumi
8 Septemba 1974

Kaka Melkizedek,

Shikamoo. Sisi wazima. Tumefurahi kwa habari ya wifi. Jua ni kali.

Mume wangu Makarius anakusalimu, amekaa hapa karibu. Anakuarifu kwamba mbao za ua zimeachana kama ulivyosema. Amesoma barua yako ya Februari yeye mwenyewe, kwa kidole, siku mbili, na ameona palipoandikwa kupandanisha. Anasema kosa lilikuwa la msomaji.

Anakuomba uje na vibao vyembamba uzibe nyufa zote.

Mimi ni mzima.

Perpetua

SHEMEJI NJOO NA MISUMARI MINGI. MAKARIUS


Kilosa
2 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Garimoshi lilichelewa saa tatu kwenye stesheni ndogo ya Ulaya, tembo alikuwa amelala kwenye reli. Namshukuru shemeji kwa jogoo, na kwa kunisindikiza mpaka stesheni. Hata alinisomea kibao cha stesheni kwa sauti, watu wakatugeukia. Nilicheka, lakini nilimwonea fahari.

Sasa naweza kulala. Mia moja na arobaini! Nyufa mia moja na arobaini, baadhi zinapitisha kidole gumba, na zote nimezifunika kwa siku mbili. Kila kibao nimekipiga msumari upande mmoja tu wa ufa, ili mbao ikivuta pumzi kisipasuke. Hilo ni fundisho la Baba. Ua ule sasa hata jua halipenyi, na akija mtu kuuliza fundi ni nani, nitajeni bila woga.

Ila wewe umenishangaza. Siku mbili nzima hukunena nami neno lisilohusu chakula. Ulijifunga kanga kichwani na shingoni kwenye joto lile, jasho likikutiririka. Nilimwuliza shemeji akasema una mafua. Nilipokuwa napiga kibao cha mwisho ulitoka ukasimama nyuma yangu, ukashika nyundo. Nikadhani unataka kunisaidia kama zamani. Shemeji akakuita, ukaiachia.

Na yule jirani yako, Bi Sikuzani, ana mambo! Alisimama upande wa nje akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, acha hata mmoja." Nilicheka nikamwambia, mama, umbea utakuua. Hakucheka.

Pata nafuu ya mafua.

Kaka yako,
Melkizedek


Kilosa
21 Oktoba 1974

Perpetua,

Cleopa amerudi leo kwa magongo. Alikuja moja kwa moja karakanani kwangu na koti lake la kazi, lile alilovaa siku aliyovunjika. Hospitali walilikunja wakalitunza pamoja na vitu vyake. Ndani ya mfuko kulikuwa na barua yako ya tarehe 26 Mei.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma tena nimekaa kwenye maranda.

Mungu wangu. Nilishika kila ufa kwa mkono wangu.

Sitaitia hii posta. Nitaibeba mwenyewe. Garimoshi ni kesho asubuhi.

M.


Mahabusu, Kilosa
17 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Natumaini hewa ya Lumuma inakufaa na Mama anakupa maziwa. Mimi sina ugonjwa. Hapa tunalala wengi lakini askari wananijua, mmoja nilimtengenezea kabati.

Sijui unakumbuka kiasi gani, maana siku ile ulikuwa umekaa kizingitini macho yako hayatazami mtu. Basi nikueleze. Nilifika saa nne asubuhi na shoka la Baba. Sikupiga hodi. Nilianza na mbao ya kwanza pembeni nikaendelea hivyo, moja moja, vile vibao vyangu vikiruka kama magamba ya samaki. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyenizuia. Bi Sikuzani alikuja na mchi akawa anabomoa upande wa pili. Mzee Mwinshehe alifika, akasimama, akavua kofia yake.

Upande wa mbele ulipolala chini tulimwona Makarius. Alikuwa anakula. Na wewe mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kanga, vidole vimevimba na kuwa vyeusi. Nikamwuliza, "Umemfanya nini?" Akameza kwanza. Akasema, "Alijibana na mlango."

Nilimpiga na kisigino cha shoka. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mara mbili, niliusikia. Alipoanguka nikampiga usoni, taya likaenda upande. Nikaligeuza shoka makali yawe mbele, na kwa kweli, Perpetua, ningemaliza. Cleopa alinifuata kwa magongo yake, akajitupa juu yangu na mguu wake mbovu. Yeye ndiye aliyeniokoa nisiwe muuaji.

Bi Sikuzani ameniambia habari za Agosti. Kwamba nyufa zilipofunguka alikwenda kumwita balozi, na mzee akaweka jicho lake akaona, akapiga ua kwa fimbo na kumtoa Makarius nje na kumwonya mbele ya watu. Na kwamba baada ya hapo hukuguswa wiki tatu. Wiki tatu! Kisha nikaja mimi.

Askari aliyechukua maelezo ameniambia bila ubaya: mimi nilipiga mahali peupe, nina mashahidi kumi na saba. Kwa vidole vyako hakuna aliyeona. Wananiambia nitarajie miaka mitatu, labda mitano.

Jumanne walikuja wazee wa upande wa Makarius, pamoja na baba yetu mdogo Timotheo. Wana neno. Wanasema Makarius yuko tayari kumwambia hakimu kwamba ulikuwa ugomvi wa mashemeji na umekwisha, endapo nyumba yake itarudi kuwa nyumba. Wanasema amelia. Wanasema ua hautajengwa tena, na kwamba mkono mmoja hauwezi kufanya mengi.

Sikulazimishi. Nakueleza tu walivyosema. Generoza anajifungua Januari, na unajua hana ndugu hapa Kilosa. Kitanda cha mtoto sijakimaliza. Kesi itatajwa tarehe 10 Desemba.

Kaka yako,
Melkizedek


Lumuma
1 Desemba 1974

Kaka Melkizedek,

Shikamoo. Mama hajambo. Amejifunza kunilisha bila kunitazama mkono. Mvua za vuli zimeanza na watu wako mashambani. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitasema machache na utanivumilia herufi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Neno "rudi" halimo. Umelizunguka kama mtu anayekwepa tope, lakini nimeliona.

Sirudi.

Baba mdogo Timotheo alikuja hapa naye. Alikaa siku mbili. Alisema mwanamke aliyesoma misheni ajue maana ya kusamehe, na kaka yangu anaoza kwa ajili yangu. Nilimwachia aseme mpaka akachoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisha nilifungua kanga nikamwonyesha vidole. Akaomba maji ya kunywa.

Wewe hukuwa na nafasi ya kuviona vizuri, kwa hiyo nikueleze mimi, maana ulikuwa ukiniuliza mambo na kujiziba mwenyewe masikio. Jioni ile aliyokusindikiza stesheni alirudi anapiga mluzi. Alizunguka ua wote akipitisha kiganja kwenye kazi yako. Akasema, "Kaka yako ni fundi." Akaniketisha mezani, akaweka mbele yangu barua yako ya Februari, akasema niisome yote bila kuruka. Nilisoma. Nilipofika pale nilipopaacha, alichukua kidole cha kwanza. Alitaka nirudie sentensi ile, na kila niliporudia alichukua kingine. Vitatu, kaka. Alivivunja kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika sigara. Basi waambie wazee kwamba mkono mmoja unaweza mengi.

Sikuchukii kwa vibao. Hukujua. Nilikuwa nyuma yako na nyundo mkononi na mimi pia sikusema, kwa sababu alikuwa mlangoni. Lakini barua hii ya Novemba umeiandika ukijua kila kitu.

Nilitamani sana kutokukasirika, nimeshindwa. Nimekasirika mpaka Mama ananiambia niende nikapasue kuni. Siwezi hata hilo.

Sasa sikiliza nitakachofanya. Generoza ameniandikia. Ndiyo, mkeo, kwa mkono wake, mistari sita. Anasema: "Wifi, nimesikia wanayotaka. Ukirudi Mikumi kwa ajili ya mtoto wangu, mtoto huyu nitamwambia nini akikua? Njoo ukae nami." Nakwenda. Nitakuwa naye Januari, nitabeba maji kwa mkono wa kushoto, nitampokea mtoto wako. Kitanda chake atakimalizia Cleopa, amesema msasa haushindi mtu wa magongo.

Tarehe 10 nitakuwa mahakamani. Bi Sikuzani anakuja na garimoshi, na Mzee Mwinshehe ameahidi kusema alichokiona Agosti kwa jicho lake. Pengine itakupunguzia kifungo. Pengine haitapunguza hata mwezi mmoja, na pengine Makarius atatoka pale akitembea. Nimewauliza watu wanaojua, hakuna anayenipa uhakika. Hata hivyo nitasema, na nitasema akiwa amekaa mbele yangu.

Ukifungwa, utafungwa, kaka, na mimi nitakuwa nje. Nimelifikiria hilo kila siku tangu barua yako ifike. Nimeona naweza kuishi nalo.

Jumapili baada ya kesi nitakuletea ugali na mlenda. Ukikataa kuniona, mwambie askari apokee chakula. Sahani nitaifuata Jumapili inayofuata.

Mdogo wako,
Perpetua